Msaada: wosia wa 1797 umemwachia mwanaye shilingi 5 tu, je ndiye babu yetu wa Ohio?

mkwe_wa_ohio

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa mnaojua haya mambo ya kufukua ukoo Marekani, mi nimekwama na hii ni wiki ya tatu silali vizuri. Mke wangu kwao ni Ohio, kusini kule kaunti ya Highland, watu wa mashamba tangu enzi na enzi, na mama mkwe mwaka jana kanikabidhi boksi zima la karatasi akasema wewe ndo unapenda kusoma soma, tumalizie basi. Nikaona hapa ndo pa kujipendekeza ukweni, kumbe naingia shimoni. Majina siweki maana mama mkwe kakataza, ila jueni tu jina la kwanza ni la kawaida na la ukoo ni la kawaida, ukilitafuta wanakuja watu kama siafu.

Nilichonacho mpaka sasa ni hiki. Mzee mwenyewe nampata kwenye sensa ya 1820, 1830 na 1840 hapo hapo Highland. Ya 1830 ana miaka kati ya 60 na 70, ya 1840 kati ya 70 na 80, kwa hiyo nikapiga hesabu kazaliwa kati ya 1760 na 1770. Ikifika 1850 hayupo, lakini kwenye nyumba ya mwanaye kuna bibi wa miaka 81, kazaliwa Virginia, jina la ukoo lile lile, nikajua huyo ndo mjane wake. Kabla ya 1820 ni giza tupu, natafuta 1810 na 1800 huko Ohio hakuna kitu.

Sasa kwenye mtandao kuna miti ya ukoo 40 na kitu, yote inasema huyu mzee ni mtoto wa jamaa mmoja wa kaunti ya Rockbridge, Virginia, na kweli wosia wa huyo jamaa nimeupata, umethibitishwa mahakamani 1797. Mjane kapewa theluthi, farasi jike mmoja, ng'ombe na kitanda, watoto wawili wa mwisho wamegawana ekari 212, halafu huyu wa kwetu (jina ni lile lile) kaachiwa SHILINGI 5. Basi. Familia wanasema alilaaniwa na baba yake kwa sababu alikimbilia Ohio, na mama mkwe hii hadithi anaipenda kuliko zote, anaisimulia kila watu wakikaa mezani.

Kinachonisumbua, moja, sensa ya 1820 nikijumlisha vijana wa kiume napata wengi kuliko watoto ninaowajua. Mbili, 1820 kuna watoto watatu chini ya miaka 10 na huyo bibi alikuwa na miaka kama 51, sasa alizaa hao saa ngapi? Tatu hizo shilingi 5. Nisaidieni.


karani_mstaafu

Mkuu karibu kwenye ugonjwa wetu, hauna dawa.

Nianze na hizo shilingi maana hapo ndo wengi wanapotea. Shilingi 5 kwenye wosia wa Virginia wa enzi hizo hazina maana kwamba mtoto kalaaniwa, mara nyingi maana yake huyu alishachukua chake. Mkulima alikuwa akiona mtoto wake mkubwa ameoa anamkatia shamba mapema, anamwandikia hati, halafu siku ya wosia anamtaja kwa shilingi moja au tano ili asije akasimama mahakamani akasema mzee alinisahau. Virginia walihesabu shilingi 6 kwa dola moja, kwa hiyo huyo mwana kaachiwa kama senti 83. Hakuna mtu anamfukuza mtoto kwa senti 83, hiyo ni kumtaja tu jina ili awemo.

Halafu hiyo sababu ya kukimbilia Ohio, tazama mwaka wako. Wosia umethibitishwa 1797, Ohio ilikuwa haijawa jimbo mpaka 1803, na kaunti yenyewe ya Highland imeanzishwa 1805 kwa kumega Ross, Adams na Clermont. Sisemi watu hawakuwepo, mji wa Chillicothe huko huko Ohio watu wameanza kujenga 1796, ila ili baba amlaani kwa kuhama ingebidi mtoto awe kati ya wale wa kwanza kwanza kabisa. Una karatasi yoyote inayomweka Ohio kabla ya 1797? Kama huna basi hiyo laana imetungwa na mtu aliyeona shilingi 5 akajaza mwenyewe.

Kafungue vitabu vya hati za mashamba vya Rockbridge, rudi nyuma miaka kama 10 kabla ya wosia, tafuta hati ambayo baba anampa mtoto shamba kwa bei ya ajabu, shilingi 5 au "kwa upendo nilionao kwake". Ukiipata hiyo, fuata shamba, usifuate jina. Jina wanaweza kuwa nalo watu wanne kwenye kijito kimoja lakini ekari zile ni zile, lazima zitoke kwa mtu ziende kwa mtu.


nyaraka_na_vumbi

Karani kamaliza ya wosia mi niguse sensa.

Hiyo 1820 ina mtego na umenaswa kaka. Upande wa wanaume weupe safu zake ni chini ya 10, 10 mpaka 16, halafu 16 mpaka 18, halafu 16 mpaka 26, kisha 26 mpaka 45 na 45 kwenda juu. Umeona? 16 mpaka 18 imo ndani ya 16 mpaka 26. Kijana wa miaka 17 kaandikwa mara mbili, safu zote mbili, kwa hiyo ukijumlisha mstari mzima unapata vijana hewa. Toa ile ya 16 mpaka 18 halafu hesabu upya.

Kuhusu hao watatu wadogo, sensa zote kuanzia ya kwanza 1790 mpaka 1840 zinataja jina moja tu, mkuu wa kaya, wengine wote ni vijiti, yaani idadi tu kwa umri na jinsia. Na vijiti havisemi ni mtoto wa nani. Wanaweza kuwa wajukuu, mtoto wa ndugu aliyefariki, yatima aliyefungwa mkataba wa kufundishwa kazi mpaka afike miaka 21, hata familia nzima ya mwanaye aliyeoa na bado hajajenga. Shamba linataka mikono, nyumba za wakulima hazikuwa baba mama na watoto wao tu.

Na hapo hapo nikukamate lingine samahani. Umesema bibi wa 1850 "nikajua ndo mjane wake". Umejuaje? Sensa ya 1850 ndo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru, umri, jimbo alilozaliwa, kazi na thamani ya shamba, lakini HAIANDIKI uhusiano. Uhusiano na mkuu wa kaya umeanza kuandikwa 1880. Huyo bibi anaweza kuwa mama, shangazi, au mjane wa kaka wa marehemu. Mi sikatai, inawezekana sana ni mama yake, ila weka alama ya kuuliza kwa penseli.

Giza lako la kabla ya 1820 si kosa lako. Karatasi za Ohio za 1800 na 1810 zimepotea karibu zote, imebaki kaunti ya Washington. Virginia nayo ya 1790 haipo, na 1800 zimebaki kaunti mbili tu, Accomack na Louisa. Yaani mzee wako kaishi sehemu mbili ambazo zote zimepoteza sensa kwa miaka ile ile aliyokuwa kijana, ni kama alipanga.


ekari_hamsini

Kwa Virginia sahau sensa, nenda kwenye orodha za kodi. Zimeanza 1782 na zipo aina mbili, kodi ya ardhi na kodi ya mali (wanaume, farasi, watumwa, ng'ombe kwa miaka ya mwanzo). Zinaandikwa kila mwaka, mwaka mmoja mmoja, sasa linganisha na sensa ya kila miaka 10. Mtu akihama unamwona kabisa, mwaka huu yupo na farasi 3, mwaka unaofuata hayupo.

Jina la kawaida kama lako ukifungua Rockbridge miaka ya 1790 nakuhakikishia utakuta wawili au watatu. Karani wa kodi naye alikuwa anachanganyikiwa kwa hiyo anaweka alama, mmoja anaitwa Mkubwa mwingine Mdogo, au "mtoto wa fulani", au "wa kwenye kijito fulani", au anaandika kazi yake, mhunzi. TAHADHARI Mkubwa na Mdogo enzi hizo si lazima baba na mwana! Wanaweza kuwa mtu na mpwa wake, au watu wasiojuana kabisa, ni kwamba mmoja kamzidi mwenzie umri. Na Mkubwa akifa yule Mdogo anapanda cheo anakuwa Mkubwa, ukisoma harakaharaka unadhani marehemu kafufuka.

Swali moja kwako, wale miti 40, kuna hata mmoja umeonyesha mtoto wa huyo mwenye wosia aliondoka Rockbridge mwaka gani?


mkwe_wa_ohio

Hakuna. Nimepitia yote jana usiku, wote wameweka wosia ule ule na sensa ya 1820 ile ile, katikati pale hakuna kitu, ni kama mtu karuka mto kwa mguu mmoja. Na wengi naona wamenakiliana hata kosa la tahajia ni lile lile.

Asante nyaraka_na_vumbi, nimetoa ile safu ya 16 mpaka 18 na vijana wamerudi kuwa sawasawa na ninaowajua. Nilikuwa nimeshamtengenezea mke wangu ndugu wawili ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Ila sasa hivi vitabu vya hati ni picha za mwandiko wa mkono kurasa mamia kwa mamia, mnasomaje? Mi macho yanauma.


karani_mstaafu

Ingia FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, akaunti ni bure, tangu 2024 wana utafutaji wa maandishi kamili ambao mashine imesoma mwandiko wa zamani yenyewe, na walianza na hati za ardhi na mirathi za Marekani hizo hizo unazotaka. Inakosea sana kwenye majina kwa hiyo jaribu tahajia tofauti, herufi S ya kati ilikuwa inaandikwa ndefu kama F, mashine inachanganya na wewe utachanganya.

Siri ni hii, usitafute jina la mzee peke yake. Tafuta jina lake pamoja na neno Ohio ndani ya vitabu vya VIRGINIA. Kwa nini? Mtu aliyehamia Ohio akiwa na haki yoyote ya ardhi kwao, siku ya kuuza lazima hati iandikwe kwenye kitabu cha kaunti ilipo ardhi, na karani anaanza na mtu na anakoishi, "fulani wa kaunti ya Highland, jimbo la Ohio". Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko miti 40. Na usiishie Rockbridge, ile kaunti imeanzishwa 1778 kwa kumega Augusta na Botetourt, mtu angeweza kuwa na shamba upande wa pili wa mpaka bila hata kuhama kitanda. Augusta vitabu vyake kule Staunton vipo tangu 1745, una bahati, kuna kaunti za Virginia mahakama iliungua na kila kitu.

Na mwangalie mke. Mke alikuwa na haki ya theluthi kwenye ardhi ya mumewe, kwa hiyo mume akiuza mahakimu wawili wanamwita mama pembeni, mume asisikie, wanamuuliza unakubali kwa hiari yako au umelazimishwa, halafu wanaandika jibu lake. Mke akiwa mbali wanawatuma mahakimu wa huko aliko. Hapo ndo unapata jina lake la kwanza, na hilo ndo utalinganisha na bibi yako wa miaka 81. Watu wawili wenye jina moja mara nyingi wake zao majina tofauti.


shina_la_mwaloni

Nami nichomekee. Kama kazaliwa 1760 na kitu angeweza kupigana vita vya uhuru mwishoni mwishoni akiwa kijana, angalia sensa ya 1840, kwenye kurasa za pili wameorodhesha wanaopokea pensheni ya vita na umri wao. Akiwemo, omba faili lake la pensheni, sheria ya 1832 iliwataka wazee waeleze kwa mdomo wamezaliwa wapi na wameishi wapi, ni simulizi kabisa. Na lile eneo la Highland liko ndani ya ardhi ambayo Virginia iliitenga kwa askari wake, kati ya mto Scioto na Little Miami. Ila usidanganyike, askari wengi waliuza vyeti vyao vya ardhi kwa madalali, kuishi pale si ushahidi kwamba alishika bunduki.


mkwe_wa_ohio

APDETI. Wakuu kaeni.

Pensheni hayupo, hiyo nimeangalia haraka nikaacha.

Nikafanya alivyosema karani, jina pamoja na Ohio ndani ya vitabu vya Virginia. Rockbridge hamna. Nikasema ngoja nijaribu Augusta, usiku saa nane hivi, nikabadilisha tahajia mara ya nne, ikatokea. Hati ya 1812. Yeye na mkewe, "wa kaunti ya Highland, jimbo la Ohio", wanamuuzia mtu mwenye jina la ukoo hilo hilo SEHEMU MOJA YA SABA ya ekari 168 juu ya kijito kimoja, kwa dola 70. Na hati inasema ni ardhi ambayo marehemu baba yao aliimiliki na akafa bila kuandika wosia. Na mkewe kaulizwa pembeni na mahakimu wawili huko huko Highland, jina lake ni la bibi wa 1850! Nilipiga kelele mke wangu akaamka akidhani kuna mwizi.

Kwa hiyo baba yake si yule wa Rockbridge kabisa. Nikatafuta hati nyingine za kijito hicho, nimepata nne zaidi, kila mmoja anauza moja ya saba yake kwa kaka huyo huyo, dada wawili wametajwa pamoja na waume zao. Ndugu ambao hakuna mti hata mmoja unawataja.

Na yule mwenye shilingi 5 nimemfuata kwenye kodi kama alivyosema ekari_hamsini. Hakuondoka! Analipa kodi ya ekari 100 Rockbridge mwaka kwa mwaka, nimemfikisha 1820 na bado yupo, na baba yake alimwandikia hizo ekari 1791. Senti 83 alizikuta juu ya ekari 100. Hana shida na mtu.


ekari_hamsini

😂😂 miti 40 chini. Safi sana aisee.

Na umeona kwa nini ni moja ya saba? Zamani Virginia mtu akifa bila wosia ardhi yote inakwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, wakaja wakabadilisha sheria 1785, ikaanza kazi Januari 1787, watoto wote sawa, wa kike humo humo. Kwa hiyo shamba la ekari 168 linakatika vipande saba vya ekari 24, hakuna anayeweza kuishi kwa ekari 24, ndugu mmoja anabaki ananunua za wenzake na wengine wanachukua dola 70 wanapanda gari la farasi. Mzee wako hakulaaniwa, alihesabu tu akaona hapatoshi.

Watu wanatafuta wosia tu kwa sababu una majina umepangwa vizuri, na wakulima wengi walikufa bila wosia. Hao ndo wanaachwa.


nyaraka_na_vumbi

Hongera kaka, sasa usilale. Mtu akifa bila wosia mahakama inateua msimamizi wa mirathi, kuna dhamana yake na wadhamini (angalia majina, mara nyingi shemeji), halafu majirani watatu wanne wanazunguka shamba zima wanaandika kila kitu na bei yake, halafu mnada na orodha ya nani kanunua nini. Hiyo orodha ya mnada ni tamu kuliko wosia, unaona mjane ananunua sufuria zake mwenyewe. Itakuwa kitabu cha mirathi cha Augusta, tafuta kabla ya 1812.


mkwe_wa_ohio

Nimezipata zote mbili, za 1804. Farasi wanne, jembe na minyororo yake, mtambo wa kufumia, kitani kilichochanwa, mitungi ya kutengenezea pombe (mama mkwe wao ni watu wa kanisa, tutaongea taratibu), kila kitu kwa pauni na shilingi ingawa nchi ilishakuwa na dola.

Halafu katikati ya ukurasa wa pili, baada ya ng'ombe mweusi mwenye pembe iliyovunjika na kabla ya mizinga ya nyuki, kuna mwanamke na mtoto wake. Majina ya kwanza tu. Pauni 85 kwa wote wawili. Nilisoma mara tatu nikidhani nimekosea mwandiko. Kwenye ile familia siku zote wanasema sisi tulikuwa Ohio, sisi hatukuwa na watumwa. Na wanangu ni weusi, ni damu ya huyu mwenye mashamba na ni damu yangu mimi. Sijui mama mkwe nimwambieje, nimekaa na hii picha siku mbili sasa.

Nimemtumia kwanza hati ya 1812 nikamwambia tazama saini ya babu yenu, amelia, kaiprinti kaiweka kwenye fremu.


karani_mstaafu

Pole kwa hilo la kwanza mkuu, nawaachia wenzangu wanaojua kulisema vizuri.

La pili... hiyo picha ni ya kitabu cha kaunti? Kitabu cha hati ni nakala. Karani wa mahakama alikuwa anainakili hati yote kwa mkono wake, pamoja na majina ya chini, hati halisi anarudishiwa mwenyewe. Angalia ukurasa wa mbele na wa nyuma, utaona watu wote wana mwandiko mmoja. Saini hiyo ni ya karani. Naomba usimwambie mama mkwe ni mkono wa babu yao.


mkwe_wa_ohio

Iko kwenye fremu mkuu. Sebuleni.


nyaraka_na_vumbi

Fremu muache nayo, kuna makosa ya kusahihisha na kuna ya kunyamazia.

Hilo la mwanamke na mtoto usilinyamazie. Nakuambia kwa sababu mi ndo niko upande ule mwingine, nasaka watu wangu kule kule bonde la Shenandoah, ilipo hiyo Augusta. Ninyi mna sensa tangu 1790. Sisi sensa ya kwanza kuwaandika watu wetu kwa majina baada ya kuachwa huru ni ya 1870. Ile ya 1850 na 1860 kuna karatasi za watumwa, zina jina la mwenye mali, halafu chini yake umri, jinsia na rangi, majina hakuna. Kwa hiyo jina la bibi yangu wa mbali kabisa, kama liliandikwa popote, limeandikwa kwenye mirathi ya mkulima, kati ya ng'ombe na nyuki kama ulivyoona. Ufunguo anao mjukuu wa huyo mkulima, na mara nyingi akiuona anafunga ukurasa.

Kwa hiyo mama mkwe mwambie au usimwambie hilo ni la ukweni, utajua wewe. Ila andika majina yao mahali panapoonekana, kwenye huo mti wako weka kaunti, mwaka, kitabu, ukurasa, na nani aliwachukua. Orodha ya mnada inasema nani?


mkwe_wa_ohio

Kaka mtu. Yule yule aliyenunua sehemu za wenzake. Wamekwenda naye wote wawili, hawakutenganishwa, angalau kwenye mnada huo.


nyaraka_na_vumbi

Basi unajua pa kwenda. Huyo kaka alibaki Augusta na ardhi, kwa hiyo kodi ya mali ya kila mwaka itakuonyesha ana watumwa wangapi waliofikia umri wa kutozwa kodi, mtoto akikua ataonekana idadi inapanda. Hilo halitakupa majina. Majina yatakuja siku huyo kaka naye alipokufa, kama aliandika wosia utawakuta humo, au watoto wa yule mtoto. Na wakati huo huo jaribu Highland kwa mzee wenu, huwezi jua nani alivuka mto naye. Ohio katiba ya 1802 ilikataza utumwa, lakini sheria ya 1804 ikamtaka kila mtu mweusi aonyeshe cheti cha uhuru na aandikishwe kwa karani wa mahakama wa kaunti, na baadhi ya madaftari hayo bado yapo.

Ukipata jina lolote liweke hapa hapa. Hao hawana wa kukukataza.


mkwe_wa_ohio

Nimepata tarehe. Kaka mtu kafa 1831, na safari hii wosia upo, kurasa mbili na nusu, mwandiko mzuri. Nimeshaona ukurasa wa kwanza, mke wake na watoto tu. Mke wangu kaja kukaa hapa pembeni anasema tuusome pamoja. Ngoja nifungue wa pili.